Wekstesheni ya mtumba imegoma kuwaka: ujue ugonjwa kabla hujanunua kifaa

Mteja akinipigia simu na kusema "fundi, mashine haiwaki," namuuliza swali moja tu: haiwaki vipi? Neno hilo hapa mjini limebeba magonjwa manne ambayo hayana undugu. Yupo ambaye mashine yake imenyamaza kama jiwe. Yupo ambaye inawaka sekunde mbili, inazima, inawaka tena yenyewe, inazima tena. Yupo ambaye feni zinavuma hadi jirani anasikia ila skrini ni giza. Na yupo ambaye mashine yake inawaka vizuri tu, nembo inatokea, ila Windows haifiki. Wote wanne husema "haiwaki", na wote wanne jirani ameshawashauri wabadilishe pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine.

Mwongozo huu ni wa zile mashine kubwa za ofisini zinazoingia nchini zikiwa zimeshatumika: Dell Precision, HP za mfululizo wa Z, Lenovo ThinkStation. Hapa Dar utazikuta kwa wahariri wa video za harusi, wachoraji wa ramani za nyumba na studio za muziki za vyumba viwili kule Sinza na Tabata. Ni mashine ngumu. Nyingi ninazoletewa zikiwa "zimekufa" zinaondoka bila kuwekewa kifaa kipya hata kimoja.

Jiulize kwanza: mara ya mwisho ilipowaka, nini kilifuata?

Jibu la swali hili ni nusu ya kazi. Kama mashine ilibebwa kwa bajaji kutoka Kariakoo hadi Kimara, imepigwa na kila tuta lililopo Barabara ya Morogoro, kwa hiyo tafuta kilicholegea: RAM (vijiti vya kumbukumbu), kadi ya picha, nyaya. Kama ilizimika umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, shuku njia ya umeme. Kama ilikaa stoo tangu masika, shuku betri ndogo ya ubao mkuu (mazabodi) na kutu. Na kama jana yake uliongeza kitu, hata kiwe kidogo namna gani, kitoe hicho kabla ya kugusa kingine chochote.

Kabla ya kufungua kesi, chomoa waya ukutani kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde 30 hivi ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha kesi kwa mkono mtupu kabla ya kushika ubao au RAM. Pawasaplai yenyewe usiifungue kabisa. Kapasita zake kubwa zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata waya ukiwa umeshachomolewa, na hiyo si sehemu ya kujifunzia ufundi.

Dalili ya kwanza: kimya kabisa, hakuna taa wala feni

Anza ukutani. Najua umeshaangalia, angalia tena. Kuchaji simu kwenye ekstensheni hiyohiyo si kipimo. Simu inavuta wati chache, itachaji hata kama ndani waya umeshikilia kwa uzi mmoja. Weka ekstensheni pembeni, weka na UPS (kisanduku chenye betri ya kushikilia umeme ukikatika) pembeni, uchomeke mashine moja kwa moja kwenye tundu la ukutani ambalo pasi inafanya kazi. UPS ndogo iliyochoka betri ni chanzo ninachokutana nacho mara kwa mara. Taa yake ya kijani inawaka, lakini mashine ikianza kuvuta umeme inalegea.

Halafu njoo kwenye plagi. Hizi plagi zetu za miguu mitatu ya bapa zina fyuzi ndani, na watu wengi wameishi nazo miaka yote bila kujua. Kwenye plagi iliyozibwa, fyuzi inachokolewa kwa bisibisi bapa upande ule wa miguu. Ipime kwa mita, au azima ya plagi nyingine. Waya wenyewe unaweza kuujaribu kwa kubadilishana na ule wa monita, kwani vichwa vyake kwa kawaida vinafanana. Ila usiuache huko moja kwa moja, maana waya wa monita mara nyingi huwa na fyuzi ndogo na ni mwembamba.

Sasa angalia nyuma ya mashine. Kuna pawasaplai zenye swichi ya 0 na I, na mtoto aliyefagia chini ya meza anaweza kuizima bila kujua. Zipo pia za zamani zenye kiswichi chekundu cha 115 na 230. Hizo zikitoka Marekani huja zikiwa kwenye 115. Umeme wetu ni volti 230. Ukiikuta kwenye 115 na bado hujaiwasha, mshukuru Mungu, sogeza kwenye 230 kisha endelea. Kama ulishaiwasha ukasikia "pa!", huo ndio ugonjwa wako. Pawasaplai nyingi za wekstesheni hujichagulia zenyewe kati ya volti 100 na 240, kwa hiyo usishtuke ukikosa kiswichi hicho.

Umeme ukiwa unafika na bado ni kimya, tafuta taa ndogo. Dell Precision nyingi zina kitufe kidogo cha kujipima kwenye pawasaplai, nyuma, pembeni ya sehemu ya waya. Ukikibonyeza, taa ya kijani ikiwaka, pawasaplai ina uhai. Isipowaka usikimbilie dukani. Chomoa waya ukutani, ondoa plagi zote zinazotoka kwenye pawasaplai kwenda kwenye ubao, diski na kadi, rudisha waya wa ukutani, bonyeza tena. Ikiwaka sasa, pawasaplai ni nzima na kuna kitu ndani ya mashine kinachoipiga shoti. Rudisha plagi moja moja, kila mara ukiwa umechomoa waya wa ukutani, mpaka taa igome. Uliyoirudisha mwisho ndiyo yenye kesi.

Kama taa ya pawasaplai inawaka na kitufe cha mbele hakifanyi kitu, usisahau kitufe chenyewe. Kimebonyezwa kila asubuhi kwa miaka mingi na watu usiowajua. Waya wake unaoingia kwenye ubao hulegea njiani, na mara nyingine chemchemi yake ndiyo imekufa.

Ikithibitika ni pawasaplai, sikiliza hili vizuri. Nyingi kati ya mashine hizi hazitumii pawasaplai ya kawaida ya dukani. HP Z420, kwa mfano, plagi yake kuu ina pini 18 wakati za kawaida zina 24. Kijana mmoja alinijia na mashine inayonuka moshi: alinunua pawasaplai ya kawaida, akakuta haiingii, akapewa nyaya na mtu wa kumuungia "rangi kwa rangi". Rangi za nyaya kwenye mashine hizi hazifuati desturi. Alikuja na tatizo la pawasaplai akaondoka na tatizo la ubao. Soma namba iliyoandikwa kwenye stika ya pawasaplai yako na utafute yenye namba hiyo hiyo. Kariakoo zipo, kwa wale wanaofumua mashine nzima na kuuza vipande, ila uulize uruhusiwe kuijaribu palepale.

*Acha, mwite fundi:* ukisikia harufu ya kuungua, sakiti breka ya nyumba ikianguka kila ukichomeka, au kama mashine ilinyeshewa au iliingiliwa na maji ya mafuriko. Hiyo ya maji usiiwashe hata kwa kujaribu.

Dalili ya pili: inawaka, inazima, inajirudia

Kwanza tenga hali mbili. Kama umetoka kubadilisha RAM au betri ya ubao, mashine kujizima na kujiwasha mara mbili tatu ni kawaida. Inajipanga upya. Iache dakika tano bila kuigusa. Watu wengi wanaikatisha hapo kwa hofu, inaanza upya, nao wanaapa imeharibika.

Kama si hivyo, chomoa kila kitu cha nje isipokuwa waya wa umeme: kibodi, mausi, fleshi, spika, hadi waya wa intaneti. Halafu chungulia matundu ya USB ya mbele kwa tochi ya simu. Ulimi wa plastiki ukivunjika, vipini vyake hugusana na mashine hujilinda kwa kuzima. Mara kadhaa nimetengeneza "mazabodi iliyokufa" kwa kuchomoa waya mmoja tu, ule wa USB za mbele.

Baada ya hapo fungua kesi, tazama kwa macho kabla ya kugusa. Mkazi mmoja wa Kigamboni aliniletea mashine iliyokuwa inawaka sekunde moja na kuzima. Nilipoinua kadi ya picha, nikamkuta mjusi amekauka, mkia uko kwenye ubao na mguu umelala juu ya pini za kadi. Nilimtoa kwa kibano, nikasafisha alama aliyoiacha kwa spiriti na mswaki laini, nikaacha ubao ukauke usiku kucha chini ya feni. Ikawaka asubuhi. Nyuma ya kesi palikuwa na tundu la kadi lisilo na kifuniko chake, na ndimo alimopita. Mende nao hupenda humo kwa sababu pana joto.

Kitu kingine cha macho ni kapasita. Zile za pipa zinatakiwa kuwa bapa kichwani. Iliyovimba au yenye uchafu wa kahawia kichwani imekwisha. Kuibadilisha kunahitaji chuma cha kulehemu na mkono uliozoea, kwa sababu ubao wa mashine hizi una tabaka nyingi na unakunywa joto.

Kama mashine inakaa dakika kadhaa ndiyo izime, hapo tunazungumzia joto. Vumbi la Dar lina chumvi ya bahari ndani yake, na kwenye mapezi ya kipozea prosesa (ubongo wa mashine) linashikana kama blanketi. Lipulize ukiwa nje, huku umezuia feni kwa kidole isizunguke. Pesti iliyo kati ya prosesa na kipozea, ikishakauka kama chokaa, ifute na upake mpya, kiasi cha punje ya mchele au mbili. Skrubu za kipozea zikaze kwa mshazari, kidogo kidogo. Ukiikaza moja hadi mwisho kwanza, upande mwingine unanyanyuka.

Ikibaki inajirudia na una mita ya fundi, pima volti wakati inajaribu kuwaka. Njia ya volti 12 itoe kati ya 11.4 na 12.6, ile ya volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Ikishuka chini ya hapo kila inapojaribu, pawasaplai imechoka. Kama hujawahi kupima ndani ya mashine iliyo kwenye umeme, usianzie leo. Ncha ya mita ikiteleza mara moja tu, umeongeza ugonjwa wa pili.

Dalili ya tatu: feni zinazunguka, skrini nyeusi

Huu ndio ugonjwa mkuu wa mashine za mtumba, nami nitakaa nao zaidi.

*Waya wa skrini uko wapi?* Prosesa za Xeon E5 hazina picha ndani yake kabisa. Bila kadi ya picha hutaona kitu hata ukeshe. Xeon E3 ndizo zinazochanganya watu. E3-1245 ina picha, E3-1240 haina, na zote zinaingia kwenye ubao uleule wenye matundu ya skrini nyuma. Ukichomeka kwenye matundu hayo wakati prosesa ni ya kuishia 0, mashine ni nzima na skrini ni giza. Kama kuna kadi ya picha, waya uende kwenye kadi, si kwenye ubao.

Halafu kuna adapta. Kadi za Quadro zilizomo kwenye mashine hizi nyingi zina matundu ya DisplayPort, wakati monita zetu za mtumba ni za VGA, aina nyingine ya zamani ya tundu la skrini. Kiadapta cha bei ya chini kisicho na saketi ndani hakiwezi kugeuza DisplayPort kuwa VGA. Kinachohitajika ni kile kinachobadilisha mawimbi yenyewe. Kabla ya kulaumu mashine, iazime monita yenye DisplayPort, au televisheni yenye HDMI kwa adapta unayojua inafanya kazi. Na kwenye monita yenyewe, hakikisha imechaguliwa njia sahihi. Nimepanda daladala mbili kwa kazi ya kubonyeza kitufe cha monita.

*Mashine inasema nini?* Hizi wekstesheni zinajieleza kwa taa na milio, na wengi hawazisikilizi. Rekodi video ya kitufe cha kuwashia kwa simu, kisha hesabu taratibu. Kwenye Dell za miaka ya karibuni, taa hupepesa rangi ya chungwa mara kadhaa halafu nyeupe mara kadhaa:

- 2 kisha 1: prosesa
- 2 kisha 2: ubao au BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya ubao)
- 2 kisha 3: RAM haionekani
- 2 kisha 4: RAM ni mbovu
- 2 kisha 5: RAM si ya aina yake
- 3 kisha 1: betri ndogo ya ubao

Kwenye HP za zamani kama Z400, taa nyekundu hupepesa pamoja na mlio: mara 2 ni joto la prosesa, 3 prosesa haijakaa, 4 umeme, 5 RAM, 6 kadi ya picha, 7 ubao. Toleo moja na jingine hutofautiana, kwa hiyo tafuta kijitabu cha toleo lako kamili kabla ya kuhukumu.

*RAM.* Hata kama taa hazisemi kitu, mimi huanza hapa. Zitoe zote. Sugua meno ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, polepole, kisha futa kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Unyevu wetu wa pwani unaweka utando ambao jicho halioni. Rudisha moja tu, kwenye tundu la kwanza kwa mujibu wa mchoro ulio ndani ya mfuniko wa kesi, na ubonyeze hadi usikie vishikio vinafunga pande zote. Washa. Ikikataa, jaribu ya pili kwenye tundu hilohilo. Kwa njia hii utajua kama mbovu ni RAM au ni tundu. Mashine yenye prosesa mbili ianzie na RAM ya upande wa prosesa ya kwanza.

Sasa kisa. Prodyuza mmoja wa muziki aliniambia mazabodi imekufa. Nikamuuliza alibadilisha nini. "Hakuna fundi, niliongeza RAM tu." Alikuwa amepata RAM za seva, 16GB kila moja, bei ya kutupa. Ziliingia kwenye matundu bila shida, kwa sababu RAM ya seva na ya kawaida za kizazi kimoja zina mkato mahali pamoja. Lakini mashine yake ilikuwa ya Xeon E3, na hizo hazikubali RAM za aina ile. Soma stika: baada ya namba kama PC4-2400T kuna mstari na herufi. R ni ya seva, E ni ya kawaida yenye kujisahihisha makosa, U ni ya kawaida kabisa. R haichanganyiki na E wala U kwenye mashine moja. Xeon E3 hazitaki R. Nyingi za Xeon E5 zinazikubali, ila si ubao wote, kwa hiyo kijitabu tena.

*Kadi ya picha.* Ichomoe, safisha meno yake kama ulivyofanya kwa RAM, irudishe mpaka kishikio cha tundu kilie. Tundu lenyewe hutoa wati 75 kwa kadi. Quadro K2200 inatosheka na hizo. K4000 inahitaji waya wa ziada wa pini 6, na waya huo ukisahaulika skrini hubaki nyeusi. Ukiwa na kadi ndogo ya kuazima, ijaribu. Kadi nzito zilizosafiri bila kufungwa huvuta tundu hadi linapinda, na ukiangalia kwa ubavu unaona mwanya upande mmoja.

*Betri ndogo ya ubao.* Ni CR2032, ya volti 3, ile ile ya rimoti za magari na mizani. Ikisoma chini ya 2.7 ibadilishe tu. Itoe dakika chache wakati waya wa ukutani umechomolewa, weka mpya, washa, usubiri zile dakika tano nilizosema juu.

*Prosesa* ndiyo ya mwisho, na wengi ningependa wasifike hapo. Soketi za Intel za aina hii zina pini zaidi ya elfu moja, laini kama nywele, na zenyewe ziko kwenye ubao. Ukiinua prosesa bila uangalifu, au pesti ikidondoka humo, ubao umekwenda.

*Acha, mwite fundi:* umejaribu RAM moja moja, kadi nyingine, betri mpya, na taa bado inasema prosesa au ubao. Kuanzia hapo kila jaribio linahitaji vipuri vya kulinganishia ambavyo nyumbani huna.

Dalili ya nne: nembo inatokea, Windows haifiki

Furahi kidogo. Umeme, RAM, prosesa na picha vyote vimeshafaulu mtihani. Chomoa fleshi na diski za nje zilizosahaulika, washa tena. Hilo pekee hutibu wengi.

Ikiandika kwamba haioni kifaa cha kuwashia, ingia kwenye mipangilio ya BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Kitu cha kwanza kuangalia ni tarehe. Ikionyesha mwaka wa zamani, betri imekufa na mashine imesahau mipangilio yake yote. Humo ndimo lilimo tatizo ambalo watu hulilipia kuwekewa Windows upya bila sababu.

Ni hivi: diski inaweza kuendeshwa kwa mtindo wa AHCI au wa RAID. Dell nyingi zikisahau mipangilio hurudi kwenye RAID. Kama Windows iliwekwa wakati mtindo ni AHCI, sasa inafungua macho inakuta nyumba imegeuzwa, inatoa skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Diski ni nzima. Mafaili yapo. Badilisha betri, rudisha AHCI, hifadhi, washa. Hali ni hiyohiyo kwa mitindo miwili ya kuwashia, UEFI na ule wa zamani wa Legacy: Windows iliyowekwa kwa mmoja haiwaki kwa mwingine. Geuza, jaribu, na kama haikusaidia rudisha ulipotoka kabla ya kugeuza kingine. Kigeuze kimoja tu kwa wakati mmoja, na upige picha ya kila ukurasa kabla ya kuugusa.

Kama BIOS haioni diski kabisa, badilisha waya wa SATA (unaounganisha diski na ubao), kisha tundu la SATA, kisha jaribu diski kwenye mashine nyingine. Diski ya sahani inayogonga "tak, tak, tak" izime hapo hapo. Kila dakika inayozunguka inakula harusi ya mtu. Kama hakuna nakala, hapo si mahali pa kujaribu programu za kurekebisha.

Diski ikionekana na Windows inazunguka kwenye kujirekebisha bila mwisho, tengeneza fleshi ya Windows kwenye kompyuta nyingine, iwashie kwa F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, uchague kurekebisha kuwasha. Ikikuomba ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linaloficha mafaili ya diski) wenye tarakimu 48 na wewe uliinunua hivyo dukani, ufunguo huo uko kwa mwenye mashine wa zamani huko ilikotoka. Weka Windows upya, mafaili yake hayakuhusu. Kama BitLocker uliiwasha mwenyewe, utafute ufunguo pale ulipouhifadhi, ukianzia kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Nenosiri la BIOS ni habari nyingine. Mashine nyingi zilitoka maofisini zikiwa zimefungwa, na kwenye matoleo mapya kutoa betri hakulifuti. Aliyekuuzia ndiye wa kulibeba, kwa hiyo ingia BIOS mbele yake kabla hujatoa hela.

Maandishi ya kwamba mfuniko ulifunguliwa, au feni ya mbele haionekani, yanayokutaka ubonyeze F1 kuendelea, si ugonjwa wa kuzuia kuwaka. Funga mfuniko vizuri, chomeka waya wa feni. Ila la feni usilipuuze wiki nzima.

Ukiamua kuipeleka kwa fundi

Toa diski yenye kazi zako ubaki nayo nyumbani, isipokuwa kama diski ndiyo inayotibiwa. Piga picha ya ndani ya kesi na uandike namba za RAM, kadi na pawasaplai, ili ulinganishe ikirudi. Mweleze fundi ulichokwisha kujaribu, hata kile unachoona aibu kukitaja. Kadi ya picha ichomoe, uifunge kwa taulo peke yake. Kesi ilaze ubavu kwenye kiti cha nyuma, ubao ukiwa upande wa chini, na umwambie dereva wa bajaji kwamba umebeba mayai. Na waya wake wa umeme uje nao, nitaanza kuupima huo.